Kwadi Niliyomchagulia Mama Njeru

Kagendo, wiki ya pili tu baada ya kustaafu kwangu ulinipigia simu kuniuliza mkulima anunue kwadi gani, ukataka jibu kabla mteja hajamaliza soda yake. Nilikwambia nitakuandikia. Jibu la swali hilo halienei kwenye simu, na tena simu hunikasirisha. Basi soma, wewe na wenzako wa gereji, mkiwa mnangoja oili chafu imalize kutoka. Msitafute humu mwaka niliopandishwa cheo. Spana haijui cheo cha mtu.

Kwa asiyejua, kwadi ni ile pikipiki ya magurudumu manne, yenye usukani wa pikipiki na matairi manene yenye hewa kidogo. Nasikia kuna watu huendesha kwa ajili ya kujifurahisha tu. Huku kwetu kwenye miteremko ya mlima inabeba nyasi za ng'ombe, mbolea, mitungi ya maziwa, na siku moja nilikutana nayo imebeba dume la nguruwe likipelekwa kwa jirani kwa shughuli zake. Dume lilikaa kwa heshima kuliko abiria wengi niliowaona.

Nilianza kazi Kinoru, Meru mjini, miaka ya themanini, kwenye gereji ya mabati iliyokuwa karibu na uwanja wa michezo. Nilitoka Mikinduri na cheti cha shule ya ufundi na kiburi cha kutosha gereji mbili. Fundi mkuu alikuwa mzee mfupi aliyeitwa M'Ikiara, na siku ya kwanza hakunipa spana. Palikuwa na mtu ameleta pikipiki ya kuuza. M'Ikiara akaniambia nishike injini yake kwa kiganja. Nikashika, nikaruka nyuma nikipuliza vidole.

"Umejifunza nini?" akaniuliza.

"Kwamba ina moto, mzee."

"Na nani aliipasha moto kabla ya kuja hapa, na kwa nini?"

Akanieleza kwamba mwenye mashine isiyowaka ikiwa baridi huipasha kwanza mahali pengine, kisha huja nayo inanguruma kama simba. "Ikija na moto, mwambie mwenyewe arudi nayo kesho asubuhi. Mkulima akiamka hakuti jirani amemwashia injini." Yule muuzaji hakurudi kesho yake wala kesho kutwa. Vidole vyangu vilipona baada ya siku tatu, na tangu hapo sijawahi kununua wala kumnunulia mtu mashine bila kuigusa kwanza.

M'Ikiara hakuwa mtu wa maneno mengi, na matusi yake yote yalikuwa ya Kimeru, kwa hiyo wateja wengi wa kutoka mbali walidhani anawaombea. Lakini alikuwa na maswali matatu aliyouliza kabla ya kufungua nati yoyote: mzigo gani, mlima gani, nani ataendesha. Aliniambia mashine nzuri haipo peke yake duniani, iko nzuri kwa mtu fulani na kazi fulani. Nilimpenda yule mzee. Alipofariki nilifunga gereji siku mbili na hakuna aliyethubutu kuniuliza kwa nini.

Baadaye nilihamia Embu, kwenye gereji ya ushirika wa wakulima huko Kianjokoma, ambako mlinikuta. Waembu walinicheka kwa kuwa Mmeru, kila mmoja akiniuliza miraa iko wapi, nami nikawaambia imekwisha njiani kwa sababu ya kuwafikiria wao. Miaka mingi kazi yetu ilikuwa mashine za kusaga mahindi, pampu za maji na vikata-majani vya ng'ombe. Halafu mashamba makubwa ya upande wa Timau yakaanza kuuza kwadi zao zilizotumika, na wakulima wetu wakaanza kuzitamani. Ikawa kila Jumatatu kuna mtu mlangoni anataka nikamtazamie moja.

Kwadi iliyotumika hudanganya kwa rangi, kwa hiyo rangi usiiangalie. Shika tairi la mbele juu na chini, ulitikise. Likicheza, beringi imekwisha au viungo vya usukani vimelegea. Toa filta ya hewa upitishe kidole upande wa ndani, ule unaoelekea injini. Kidole kikitoka na vumbi, injini hiyo imekuwa ikila udongo, na hata ukipewa bure umeuziwa ghali. Chomoa kijiti cha oili: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imeingiliwa na maji, maana kuna mtu alivuka nayo mto akifikiri ni mashua. Kisha lala chini kifudifudi au chali, upendavyo, uangalie chesisi kwenye maungio. Mahali padogo palipopakwa rangi mpya peke yake pana siri ya kuchomelea. Na uulize vipuri vinapatikana wapi. Kwadi ambayo mkanda wake unaagizwa ng'ambo itaishia kuwa kitulio cha kuku.

Hayo yote niliyajua vizuri, na ndiyo maana nataka kukueleza habari ya Mama Njeru.

Alikuja gerejini asubuhi moja akiegemea gongo. Jina lake ni Wawira, mjane, mkulima wa kahawa, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde. Miaka miwili nyuma mguu wake wa kushoto ulikuwa umekatwa chini ya goti kwa ugonjwa wa sukari. Alikuwa amepewa mguu wa bandia, na kwenye uwanja wa nyumba yake alitembea bila shida. Lakini unajua mashamba ya huku yalivyo, marefu na membamba, yanaanzia barabarani juu ya kilima na kuishia mtoni. Nyumba yake ilikuwa juu, kahawa yake chini kabisa. Mteremko ule ulimshinda. Misimu miwili hakuwa ameiona kahawa yake kwa macho.

"Fundi, mimi sitaki gari," aliniambia. "Nataka kitu cha kunifikisha kwa kahawa na kunirudisha. Hiyo tu."

"Nani ataendesha?"

"Kwani unaona nani mwingine hapa?"

Nilicheka, yeye hakucheka. Akanieleza kwamba mwanawe, Njeru, anafanya kazi Nairobi na ndiye aliyekuwa akilipa vibarua wa kupalilia. Njeru hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa amechoka kuhofia mama yake peke yake kule juu, akataka shamba likodishwe na mama ahamie kwake. Walibishana hadi wakakubaliana jambo moja: ikifika siku ya kuanza kuchuma na mama hawezi kushuka mwenyewe, atafunga mizigo bila ubishi.

"Huko Nairobi nitafanya nini?" akaniuliza. "Nikae kwa balcony niangalie magari?"

Nilikwenda kuona mlima kama M'Ikiara alivyonifundisha. Nilishuka peke yangu, yeye akabaki juu akiniangalia. Niliutazama udongo, mwekundu, ule ambao mvua ikinyesha unateleza kama sabuni. Niliupima mteremko kwa miguu yangu. Katikati nilipita kaburi la mumewe, lililojengwa kwa saruji kando ya njia. Upande wa pili wa njia ilianza ardhi ya shemeji yake, Ireri, na mpaka ulikuwa ile mimea ya majani mapana ambayo hapa kwetu hakuna anayeing'oa bila kujitafutia laana na kesi mahakamani, vyote viwili. Hapo kaburini ilikuwa imesongamana, kwingine imeachana hatua kadhaa. Nilipita nikiwa na mikono mfukoni, nikifikiria gia.

Maana gia ndiyo ilikuwa shida. Kwadi nyingi ndogo hubadilishwa gia kwa mguu wa kushoto, na huo ndio mguu asiokuwa nao. Kwa hiyo nilikataa moja mpya, nyembamba, iliyokuwa ikiuzwa Meru mjini, ingawa muuzaji aliapa kwa watoto wake wote. Nilitafuta isiyo na gia za mguu, inayoendeshwa na mkanda. Lakini mkanda nao una tabia zake. Kwenye mteremko kama ule, kushuka ni hatari kuliko kupanda, na kuna kwadi za mkanda ambazo ukiachilia mafuta tu zinashuka kama jiwe lililosukumwa. Nilitaka ile ambayo injini yenyewe inaizuia.

Niliipata kwenye shamba la ngano upande wa Timau. Nilichagua siku ya mvua makusudi. Injini nikaikuta baridi, ikawaka mara ya kwanza. Filta safi, oili safi, chesisi haina siri. Nikaipeleka kwenye mteremko wa matope, nikaiweka gia ya chini, ile ya kuvutwa kwa mkono, nikaachilia mafuta na breki. Ikashuka polepole kama mama mjamzito anayeshuka ngazi. Nilirudi Kianjokoma nikiimba. Gerejini nikamtengenezea kikombe cha chuma mahali pa kuweka kisigino cha ule mguu wa bandia, usiteleze. Sikuweka kamba wala ukanda. Mtu asifungwe kwenye kwadi hata kidogo, maana ikipinduka lazima aweze kuiachia.

Alijifunza uwanjani kwake kwa siku nne. Mchungaji akaja akaiombea, majirani wakaimba, na mama mmoja akaimwagia uji kidogo kwenye tairi kwa bahati mbaya, akasema ni kwa makusudi. Kisha mimi nikatangulia kushuka nayo peke yangu, niwe wa kwanza kuanguka kama kuna wa kuanguka.

Nilifika kaburini nikasimama. Tairi la kulia liligusa saruji na la kushoto likagusa mimea ya mpaka.

Nilishuka, nikatoa futi ya chuma mfukoni. Njia ilikuwa futi tatu na nusu. Kwadi ilikuwa futi nne. Ile futi nilikuwa nayo mfukoni siku ile ya kwanza pia, imelala karibu na mkono wangu. Nilikuwa nimepima kila kitu ila njia. Akili nyingi huondoa maarifa, na siku hiyo yangu yaliondoka yote.

"Fundi!" Mama Njeru aliita kutoka juu. "Mbona umezima?"

Kagendo, niliona aibu ambayo sijawahi kuona tangu utotoni. Yeye alikuwa amesimama kule juu na gongo lake, amevaa gambuti, mguu mmoja wake na mmoja wa kuazima, tayari kwenda kuona kahawa yake.

Nilijaribu ujanja. Magurudumu ya kwadi yakigeuzwa ndani nje, upana wake hupungua. Nikayageuza, ikapita kaburini ikibaki nafasi ya unene wa kidole. Lakini chini kidogo, mahali ambapo njia imeegemea upande, magurudumu mawili yaliinuka hewani nami juu yake, nikabaki nimeshika mti wa kahawa kwa mkono mmoja nikimwita Mungu kwa Kimeru. Nikairudisha juu polepole, nikayarudisha magurudumu yalivyokuwa, kisha nikaenda kumweleza.

"Naweza kuifanya ipite," nilimwambia. "Lakini hivyo itakupindua. Mimi siwezi kukupa hiyo. Kosa ni langu."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

"Nikamwombe shemeji yako nusu futi?" nikasema.

"Huyo?" Akageuza uso. "Huyo usimwombe hata moto."

Akanieleza. Mumewe alipolazwa hospitali, Ireri hakuja kumwona hata siku moja. Siku ya mazishi Mama Njeru alisema hivyo mbele ya watu wote, kwa ile sauti yake. Kaburi lilikuwa limechimbwa pale mpakani ili nyumba zote mbili ziweze kulipalilia, na kweli zililipalilia, kila moja kwa siku yake. Lakini tangu siku ile hawakuwahi kusemezana tena. Njeru angefika Jumamosi, na uchumaji ungeanza Jumatatu.

Nilikwenda kwa Ireri bila kumwambia mama. Nilimkuta akikata majani ya ng'ombe, mtu mwembamba, mwenye koti la mvua ingawa jua lilikuwa limewaka.

"Wewe ndio ule fundi wa Meru," akasema.

"Ndiye mimi, mzee. Nimekuja kwa kosa langu, si lake." Nikamweleza yote, pamoja na habari ya futi iliyokuwa mfukoni.

"Kwa hivyo unataka nisongeshe mpaka."

"Nusu futi tu."

"Mpaka hausongeshwi. Leo ni nusu futi, kesho watoto wanakatana na panga. Hiyo mimea ilipandwa na baba yangu." Akaendelea kukata majani. Baadaye akauliza bila kuniangalia, "Ni yeye amekutuma?"

"Hapana. Akijua nimekuja atanifukuza."

"Atakufukuza," akakubali. Kisha akaacha kukata. "Watu wanasema sikuenda hospitali. Nilienda. Nilifika kwa geti mara mbili. Nilishindwa kuingia kumwona vile amekuwa. Sasa hiyo utasema aje mbele ya watu?"

Mimi nimezoea vitu vinavyofunguliwa kwa spana. Nilisimama tu pale, naye akakata majani mafungu mawili zaidi.

"Hiyo kitu yako upana ni ngapi?" akauliza mwishowe.

"Futi nne."

Akarudi kwenye majani yake, nami nikaenda zangu nikijua nimeshindwa. Siku ya Alhamisi nilianza kutafuta mtu wa kuinunua ile kwadi. Usingizi uliniruka, na chakula nilikiona kama maganda.

Ijumaa asubuhi Mama Njeru alinipigia simu. "Fundi, kuja. Kuna mtu anakata miti huku chini, na siwezi kushuka kuona ni nani."

Nilishuka mbio. Ireri alikuwa kwenye ardhi yake mwenyewe, amevua lile koti, jasho linamtiririka. Alikuwa ameng'oa miti minne ya kahawa yake, yenye matunda, na kufungua njia nyuma ya mimea ya mpaka. Iliingilia kwenye nafasi kati ya mimea, upande wa juu wa kaburi, ikazunguka, ikatokea kwenye nafasi nyingine chini yake. Hakuna mmea hata mmoja wa mpaka ulioguswa. Nikatoa futi yangu, safari hii kabla kwadi haijafika. Njia ilikuwa na futi tano.

"Mpaka uko palepale," akasema, bado analima. "Hii ni njia tu."

Nilirudi juu nikamwambia Mama Njeru aketi kwenye kwadi.

"Nani amekata?" akauliza.

"Shuka utaona."

Aliweka kisigino kwenye kile kikombe cha chuma, akaitia gia ya chini, akashuka. Nilimfuata nyuma kwa miguu, nikisikiliza ile injini kama daktari. Alipofika kwenye mzunguko alimwona Ireri amesimama na jembe kando ya mashimo manne mabichi. Alipunguza mwendo. Aliyaangalia yale mashimo moja moja. Ireri alimwamkia kwa kichwa, naye akamjibu kwa kichwa, akapita, akaendelea hadi chini ambako hatukumwona tena. Tukasikia injini ikizimwa.

Tulibaki pale, mimi na Ireri, hatuangaliani. Nilingoja nisikie kilio, maana vibarua wasiosimamiwa unawajua, na kahawa isiyopogolewa misimu miwili huwa msitu.

"Fundi!" sauti ikaja kutoka mtoni. "Nani alipogoa kahawa hii?"

"Mwambie ni vibarua," Ireri akasema upesi.

Nikamtazama. Yeye akatazama jembe.

"Vibarua wanapalilia safu za juu tu," akasema polepole. "Hiyo ya mtoni wangeiharibu. Mimi nilikuwa naingilia kule chini, mahali mashamba yanakutana. Si ni kahawa ya kaka yangu? Mwambie ni vibarua."

Maisha yangu yote nimewaambia mafundi washughulike na mashine na waachane na mambo ya nyumba za watu. Nikaweka mikono mdomoni, nikapaza sauti hadi bonde likaitikia: "Ni shemeji yako!"

Nilisikia mto tu. Nikafikiri nimeharibu tena, mara ya pili kwa wiki moja.

"Mwambie ameacha machipukizi mengi sana!" sauti ikapanda. "Mwambie ashuke nimwonyeshe!"

Ireri alinipa jembe lake nimshikie, akashuka.